Sensa Yako Haijakufa, Umeilaza Tu

Wasee mnaoanza roboti, leo tuambiane ukweli. Video ya kwanza uliyoona ilikufundisha delay(). Ukaandika delay(2000), taa ikawaka sekunde mbili, ikazima, ukaruka kwa furaha. Hata mimi nilianza hivyo. Lakini hiyo delay() ndiyo inafanya wengi wenu mdhani vifaa vyenu ni vibovu.

Binamu yangu huku Kwanza aliunda kagari ka Arduino Uno kenye sensa ya umbali. Kaende sekunde mbili, kaangalie mbele, kakiona ukuta kasimame. Kakawa kanagonga ukuta kila mara. Akaamua sensa imekufa, akauza kuku wawili, akanunua nyingine. Kakagonga tena. Jamaa akataka kuacha kabisa.

Sensa haikuwa na shida. Ukiandika delay(2000), programu inasimama hapo milisekunde 2000. Haisomi sensa, haiangalii swichi. Lakini mota uliyoiwasha kabla ya hapo bado inazunguka! Kama kagari kanaenda sentimita 50 kwa sekunde, kametembea mita nzima kakiwa kamefumba macho.

Dawa ni millis(). Hii haisimamishi kitu. Inakuambia tu milisekunde ngapi zimepita tangu bodi iwashwe. Unahifadhi namba ya wakati ulioanza, halafu kila mzunguko wa loop() unauliza: millis() ukitoa ile namba, imefika 2000? Kama bado, soma sensa, endelea na kazi. Ni kama kuchemsha mahindi na maragwe. Husimami masaa mawili ukikodolea sufuria macho. Unaangalia saa, unaenda kufua, unarudi kuchungulia.

Na usiweke hiyo namba kwa int, weka kwa unsigned long. Kwa Uno, int inaishia 32,767, yaani hata sekunde 33 hazifiki.

Sisemi delay() ni mbaya. Somo la kwanza, taa moja, itumie. Shida ni sisi tunaofundisha. Tunaishia hapo kwa sababu taa ikiwaka watu wanalike haraka. Mimi nina video tatu za delay() na hakuna hata moja ya millis(). Na binamu yangu alijifunza kwa hizo zangu.

Kwa hivyo wiki hii natoa ya nne. Wewe, kabla hujanunua sensa nyingine, tafuta delay() kwa programu yako kwanza. Na wale kuku wawili, hiyo deni ni yangu.