Kipimo cha Meno Peke Yake Hakitoshi

Hospitali ya misheni ya Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikuwapo tayari wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zikitumia stempu za pamoja. Barua za enzi hizo bado zinaweza kukutwa katika masanduku ya wazee au katikati ya kurasa za Biblia kuukuu. Anayezirithi huambiwa atafute kipimo cha meno, yaani kile kibao chenye safu za alama za kulinganishia vitundu vya pembeni mwa stempu, asome namba, afungue katalogi, kisha ataje bei. Ushauri huo ni nusu tu ya kazi. Nasema kipimo cha meno kikiachwa peke yake humfaa mghushi kuliko kinavyomfaa mnunuzi, na yeyote anayenunua au kuuza stempu hizi anapaswa kuikagua karatasi nzima kabla ya kuiamini namba.

Meno huhesabiwa kwa idadi ya vitundu katika sentimita 2, na tofauti ndogo hubeba historia kubwa. Chukua stempu za Mfalme George wa Sita zilizoanza kutolewa mwaka 1938, zilizochapwa London na kampuni ya De La Rue. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji huo kwa mabomu ya moto, na kiwanda cha kampuni hiyo kikateketea pamoja na mashine zake za kutobolea. Ndiyo sababu mwaka 1941 stempu kadhaa za kwetu, ikiwamo ya shilingi 2 yenye mlima Kilimanjaro, zilitoka na meno 14 mahali pa 13¼. Picha haikubadilika. Kilichobadilika ni robo tatu ya kitundu katika kila sentimita 2, na robo tatu hiyo ndiyo ushahidi wa vita ya Ulaya ndani ya barua iliyopita Shinyanga. Katalogi huzitenganisha stempu hizo, na mara nyingine bei hupishana sana. Hapo ndipo tamaa inapoingia.

Mghushi naye ana kipimo. Akikata meno ya zamani na kutoboa mapya kwa 14, kipimo kitasoma 14 bila kosa. Asichoweza kufanya ni kuirudisha karatasi aliyoikata. Kwa hiyo pima kwanza upana na kimo kwa milimita, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino, ulinganishe na stempu ya bei rahisi ya toleo hilohilo ambayo haina shaka. Ikipungua, au picha ikielemea upande mmoja, simama. Kisha shika lenzi inayokuza mara 10. Stempu iliyochanwa kutoka kwenye shiti kwa mkono huacha nyuzi laini zilizonyofoka kwenye ncha za meno. Iliyochezewa mara nyingi ina ncha bapa, kana kwamba zimepitiwa na mkasi. Tazama pia ukingo wa vitundu: karatasi ya miaka 80 imeshazeeka rangi, na mkato wa juzi huonekana mweupe. Malizia kwa kulinganisha pande zinazotazamana, maana safu ya kushoto na ya kulia zisipokwenda sambamba, kuna jambo.

Muhuri wa posta ni shahidi mwingine, na kwa maoni yangu ndiye bora kuliko wote. Meno 14 yaliyozaliwa na moto wa Desemba 1940 hayawezi kubeba muhuri wa 1939. Muhuri ulioanzia kwenye stempu na kuendelea juu ya bahasha unamkaba mghushi zaidi, kwa kuwa inambidi aibandue stempu, aikate, kisha airudishe bila mistari ya wino kuhama. Ndiyo maana inauma kuona mtu akilowesha bahasha nzima majini ili abaki na stempu tupu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye pesa. Lakini mwenye pesa ana pa kukimbilia: Royal Philatelic Society London ina jopo la wataalamu linalotoa vyeti. Anayeumia ni mrithi wa Kolandoto ambaye ada ya cheti na gharama ya kutuma vinaweza kuzidi thamani ya stempu yenyewe, na huyo rula na lenzi vinamtosha kung'amua udanganyifu wa kawaida. Wengine watasema kurekebisha meno ni ukarabati tu. Ningekubali kama muuzaji angelitangaza hilo na kushusha bei. Akilificha, anauza tarehe ya uongo. Wanunuzi wa dhahabu wa Geita hawalipi kwa uzito pekee bila kujua usafi. Risiti ya stempu nayo iandikwe upana na kimo kwa milimita, meno ya kila upande, na neno moja la wazi kama ukingo wowote umeguswa, ili mnunuzi akigundua vinginevyo awe na karatasi ya kudai fedha zake.