Ruzizi Isisingiziwe

Kila Ziwa Tanganyika linapopanda na kuingia nyumba za Kavimvira na Kilomoni, hapa Uvira, maneno ni yaleyale: wamefungua maji Mururu. Utayasikia sokoni, kanisani, kwenye foleni ya mpakani kuelekea Gatumba, hata kwa wakubwa wenye uwezo wa kwenda kuchunguza. Nayajibu leo kwa sababu Mururu ikilaumiwa bure, wanaohusika kweli hawaulizwi kitu, na sisi wa Uvira tumeshapoteza nyumba nyingi mno.

Tuanze na hilo la kufungua maji. Mururu, jirani na Bukavu, pale mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu kuja kumwaga Tanganyika, ndipo ulipo mtambo wa Ruzizi I uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji. Ni kweli bwawa lake linaweza kuyazuia kidogo au kuyaachia maji ya Kivu. Lakini piga hesabu. Kivu hutoa kwa wastani mita za ujazo kama 100 kwa sekunde, yaani milioni 8 na nusu hivi kwa siku. Tanganyika ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, na ili ipande sentimita 1 tu inahitaji mita za ujazo zaidi ya milioni 320. Maji yote yanayotoka Kivu, bila kupotea hata tone njiani, yangehitaji zaidi ya mwezi mzima kuliinua ziwa letu sentimita hiyo moja. Waliohama nyumba zao 2021 na 2024 wanajua kwamba maji yaliyowafikia hayakuwa ya sentimita moja.

Ziwa hili hupanda mvua inapozidi katika bonde lake lote, kuanzia Burundi hadi Tanzania na Zambia. Maji yake mengi huondoka kwa kukaushwa na jua, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1878 lilijaa hadi likavunja kizuizi cha Lukuga na kumwagika kuelekea mto Kongo, na baada ya hapo likashuka kwa mita nyingi katika miaka michache. Wakati huo hapakuwa na bwawa lolote Mururu, wala waya wa umeme.

Wapo pia wanaochanganya ziwa na mito. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 si ziwa lililoua watu Uvira. Mulongwe na mito mingine ya mjini ilishuka na mawe na matope kutoka milima iliyo juu ya vichwa vyetu, ikazoa nyumba na kuacha maelfu bila makao. Milima hiyo imekatwa miti na kulimwa hadi mgongoni, na nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa mito. Mururu iko mbali, kwenye bonde la mto mwingine kabisa. Anayetaka kuzuia usiku mwingine kama ule apande mlimani, aende pia ofisi zinazogawa viwanja kando ya mto.

Dai la pili linasemwa na watu wenye nia njema, na ndiyo maana linahitaji jibu refu: India ina mabwawa yanayotoa umeme na kumwagilia mashamba kwa pamoja, basi Ruzizi nayo izuiwe imwagilie uwanda wetu. Mfano wanaoupenda ni Bhakra kwenye mto Sutlej, ukuta wa mita 226 ambao Nehru aliuzindua 1963. Maji yake hulisha mashamba ya Punjab, Haryana na Rajasthan, na umeme hutoka hapohapo. Hayo ni kweli, na India ilivuna ngano nyingi kwa maji yale. Lakini nyuma ya ukuta huo kuna ziwa kubwa, Gobind Sagar, na chini ya ziwa hilo umelala mji wa kale wa Bilaspur. Bwawa jingine la huko, Sardar Sarovar kwenye mto Narmada, jiwe lake la msingi liliwekwa 1961, na bwawa likazinduliwa 2017. Katikati ya miaka hiyo kuna vijiji vilivyozama, maandamano ya mwanaharakati Medha Patkar na wenzake, na mkopo wa Benki ya Dunia uliokatishwa 1993 baada ya tume huru kusema wahamishwaji hawakutendewa haki.

Bwawa la kumwagilia la aina ya Bhakra lazima liwe na ghala la maji. Mitambo ya Ruzizi haina ghala kama hilo: inachukua maji ya mto, yanazungusha tabini, yanarudi mtoni. Korongo linalofaa kwa umeme liko juu, kati ya Bukavu na Kamanyola, nalo ni jembamba. Mashamba yako chini, kwenye tambarare. Kujenga Gobind Sagar yetu huko chini ni kuizamisha tambarare yenyewe: Sange, Luberizi, na mashamba ya Cibitoke upande wa Burundi. Tungekuwa tumepata maji na kukosa mahali pa kuyamwaga. Isitoshe, tuko kwenye bonde la ufa, na tetemeko la Februari 2008 Bukavu bado halijasahaulika.

Mpunga wa uwanda, tangu zamani, hunywa mito midogo inayoshuka kutoka milima ya magharibi, kama Luberizi, Sange na Kiliba. Kinachokosekana ni milango ya mifereji inayofungika, mifereji iliyozolewa mchanga, na kamati za maji zinazoheshimiwa na wakulima na wafugaji pia. Fedha za kazi hiyo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya bwawa kubwa, na mwanamke wa Luberizi angeziona shambani kwake msimu uleule.

Kuhusu dai kwamba umeme wetu unapewa majirani, jibu ni fupi. Ruzizi I ni mali ya SNEL, shirika la umeme la Kongo. Ruzizi II, iliyoanza kazi 1989, ni ya SINELAC, shirika la Kongo, Rwanda na Burundi, na umeme wake hugawanywa kwa nchi tatu. Mto ni mpaka: ng'ambo ya mashariki ni Rwanda, kisha Burundi. Mitambo yote miwili, ikiwa mizima, haifiki megawati 75. Sasa imezeeka, na plastiki inayosombwa na mvua hadi Kivu huja kuziba milango yake, na wafanyakazi huivua kwa mikono. Baadhi ya delestaji, yaani mgao wa umeme, inayotukera Uvira chanzo chake ni chupa zilizotupwa mitaroni. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, kukawa na mstari wa vita kati yetu na mtambo unaotulisha. Hayo yote si Mrundi aliyeyafanya.

Inabaki Ruzizi III, ambayo wengi wanaisubiri kana kwamba siku itakapowashwa giza litakwisha. Imepangwa kuwa ya megawati 206. Gawanya kwa nchi tatu: kila moja itapata pungufu ya 69. Kwa Kongo Mashariki hizo ni nyingi, nami naitaka ijengwe. Lakini umeme hutembea kwa waya, na Kavimvira ina avenyu ambazo hazijawahi kuona nguzo ya SNEL. Wabunge wetu wanaoutetea mradi huu waulize sasa, kabla saruji haijamwagwa: kituo cha kupozea umeme cha Uvira kitalipiwa na nani, ni megawati ngapi za fungu la Kongo zitashuka hadi huku, na mtaa gani utaunganishwa kwanza.