Acha kulipia hewa: Pima mzigo wako kabla karani hajaupima

Kuna fikra moja mtaani ambayo nitaipinga hadi mchoke nami: kwamba uraibu wa vitu vikubwa ni wa watoto wa Karen na Lavington. Ngoma za bendi, spika, baiskeli za BMX, kinanda, vyuma vya mazoezi. Msee wa Umoja au Dandora akitamani kitu kama hicho, anaambiwa atafute hobi inayotoshea mfukoni.

Mimi nasema mara nyingi bei ya kifaa si tatizo. Ukitafuta kwa subira utapata cha mtumba, uchangechange, ulipe. Kinachokumaliza ni kukileta hadi mlangoni. Na sehemu kubwa ya pesa hiyo ya usafiri, ndugu yangu, unalipia hewa.

Usicheke. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege haziangalii kilo peke yake. Nyingi huchukua urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, zikazidisha, kisha zikagawanya kwa 5,000. Jibu linaitwa uzito wa ujazo. Wanalilinganisha na kilo za mizani, halafu unalipia lile lililo kubwa. Sasa chukua ngoma kubwa ya bendi, ile inayopigwa kwa mguu. Katoni yake ikiwa ya sentimita 60 kwa 60 kwa 50, hesabu inaleta kilo 36. Tuseme ngoma yenyewe ina kilo 12. Hizo 24 zilizobaki ni za nini? Ni hewa iliyo tumboni mwa ngoma, na imekatiwa tiketi ya ndege kama abiria.

Dawa yake ni ndogo. Toa ngozi ya upande mmoja, uingize ngoma ndogo ndani, moja ndani ya nyingine, vile mama anavyopanga sufuria kwa kabati. Mradi mizani haijapita kilo 36, bili ni ileile, lakini badala ya ngoma moja umeleta tatu.

Watu wa Gikomba walijua somo hili zamani. Robota la mitumba haliji likiwa limefura kama mto. Nguo hubanwa kwa mashine hadi robota la kilo 45 linakuwa gumu kama tofali, kwa sababu aliyelipia kontena amelipia nafasi, na kila pengo ni hasara yake. Kama mfanyabiashara wa mitumba hasafirishi hewa, wewe unayeweka akiba ya mia mia unaisafirisha kwa nini?

Kwa hivyo kabla hujatuma chochote, jiulize swali moja: kitu changu ni kizito, au ni kikubwa tu? Majibu hayo mawili yana njia mbili tofauti kabisa.

Spika ni kubwa tu. Boksi la mbao ndilo linalojaza katoni, na mbao si muziki. Agiza ile spika ya ndani peke yake pamoja na vipimo vya boksi lake, kisha mpelekee fundi wa mbao hapa Eastlands akukatie. Jiji hili limejaa matatu zinazotikisa madirisha ya watu. Fundi wa boksi la spika hatakupotea.

Vyuma vya mazoezi ni kinyume. Hapo hakuna ujanja wa kupakia: kilo 20 ni kilo 20 hata uzifunge vipi. Ushauri wangu ni usizisafirishe kamwe. Gym nyingi za mtaani zimenyanyua simiti iliyomiminwa kwa mikebe na vipuri vya magari makuukuu miaka nenda miaka rudi, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaishi kwa kukata na kuunganisha chuma. Leta kutoka mbali kile tu ambacho hakiwezi kutengenezwa karibu.

Baiskeli nayo iko katikati. Toa magurudumu, geuza usukani, teremsha kiti, fungua pedali. (Ya kushoto huzungushwa kinyume na ulivyozoea, usije ukaivunja ukidhani imekwama.) Omba katoni tupu kwa duka la baiskeli. Kitu kilichokuwa kikichukua nafasi ya watu wawili kwa buti sasa kinasimama wima pembeni.

Nimetaja buti kwa sababu mizigo yetu mingi haipandi ndege. Inapanda basi au matatu kwenda Kisumu, Nakuru, Meru au Mombasa. Huko mara nyingi mizani haitumiki. Kuna jicho la karani. Na jicho hilo huogopa mambo matatu: kitu kirefu, kitu kisicho na umbo, na kitu ambacho huwezi kuweka kingine juu yake. Kifunge kiwe cha mraba, kigumu na kifupi, na utaona bei inavyolegea. Piga simu uulize bei mapema ukiwa na vipimo mkononi. Ukishalipa boda au mkokoteni kutoka Kayole hadi stejini, karani anajua huwezi kurudi na mzigo, na hapo hakuna tena cha kubembeleza.

Sasa tuje kwa mzigo unaotoka nje, iwe Uchina, Dubai au Uingereza. Kitu kizito kisicho na haraka ni cha meli. Mawakala wanaokusanya mizigo ya wateja wengi kwenye kontena moja kwa kawaida hutoza kwa mita ya ujazo, ile wanayoiita CBM. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 haijafika hata sehemu moja ya kumi ya CBM. Utangoja wiki nyingi, sawa, lakini gitaa halichachi.

Hapa ndipo tunapojiangusha wenyewe. Eastlands inajua chama. Tunachanga za mazishi, za harusi, hata za sufuria. Lakini mbogi ya muziki ya Kariobangi, watu wa skate wa Buruburu na vijana wa mabondia wa Kaloleni wakiagiza vitu, kila mmoja anaenda kivyake, na kila mmoja analipia kiwango cha chini ambacho mawakala wengi hutoza hata kama mzigo wako ni kiatu kimoja. Kwa nini tusiagize pamoja mara mbili kwa mwaka? Andikeni orodha ya nani ana nini. Pimeni sehemu ya kila mtu kwa tepu, mgawane nauli kulingana na nafasi aliyochukua, si kwa vichwa. La sivyo mwenye glavu atamlipia mwenye kinanda, na chama kitavunjika kabla meli haijafika Mombasa.

Na usidanganye kuhusu bei ya kitu ili ukwepe ushuru. Huna haja. Kwa mzigo wa meli, nauli huongezwa kwa thamani ya kitu kabla ushuru haujapigiwa hesabu, kisha kuna VAT ya asilimia 16. Ukipunguza nauli, umepunguza na kodi, kihalali. Muulize wakala kama bei yake imejumlisha hayo yote, na akuandikie.

Najua mtu atasema: kazi yote hii ya skrubu na tepu, kisa tu shilingi kadhaa? Kwa mwenye mshahara mnono huenda ni shilingi kadhaa. Kwa kijana anayeosha magari Jogoo Road wikendi ili anunue kinanda, hiyo ndiyo tofauti ya kuanza mwaka huu na kutoanza kabisa. Tena aliyekifungua kifaa chake kwa mkono wake ndiye atakayejua kukitengeneza kikiharibika.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sitaki ubane: ulinzi wa kitu chenyewe. Kizungushie nguo ulizonazo, jaza kila pengo, toa betri, piga picha kabla ya kufunga katoni. Kuokoa nauli ya kinanda kilichofika kimevunjika si kuokoa.

Wiki hii, kabla hujamtumia mtu yeyote pesa, azima tepu kwa fundi. Pima urefu, upana na kimo, zidisha, gawanya kwa 5,000. Jibu likizidi kilo za mizani, rudi uifungue hiyo katoni. Bado kuna hewa ndani.