Muhuri wa Karakana Si Ushirikiano

Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi hutawanyika kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia ofisi kubwa. Wachache hufika katika karakana za Kizota au vinu vya alizeti vya Kibaigwa. Hukaa wiki chache, hugongewa muhuri katika kitabu cha kumbukumbu, kisha huondoka. Vyuo vyetu huliita jambo hili ushirikiano na sekta binafsi. Ukweli ni kwamba tunaomba sahihi.

Ushirikiano ni nipe nikupe. Fundi humpa mwanafunzi muda wake, zana zake na vyuma vyake. Chuo humpa nini?

Tuitazame alizeti. Mwaka 2021 serikali iliipa mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu kipaumbele katika kampeni ya zao hili, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mafuta ya kula nchini yalikuwa yakiagizwa kutoka nje. Wakulima wakahimizwa, mbegu zikasambazwa. Lakini mbegu haziwi mafuta mpaka zipite kwenye mashine. Mwenye kinu kidogo anajua kwamba parafujo ya kukamulia ikilika, mafuta hubaki ndani ya mashudu, na faida yake huliwa na ng'ombe. Huijaza kwa kuichomelea. Baada ya muda hulika tena. Chuma kipi kinafaa? Kigumishwe vipi? Mbegu ziwe na unyevu kiasi gani? Hayo ni maswali ya mhandisi, nayo hayajibiwi kwa muhuri.

Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mjini humu humu. VETA nayo ipo. Kinachokosekana ni sababu ya kukutana, kwa kuwa mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa makala zake majaridani. Kinu kilichopunguza hasara hakimwongezei alama.

Wapo watakaosema chuo si gereji. Wakumbuke CAMARTEC ya Arusha: katika miaka ya 1980 ilisanifu mtambo wa kuba wa gesi ya samadi, na mtambo huo ukaenea kwa sababu mafundi waashi walifundishwa kuujenga. Usanifu haukudhalilika kwa kushikwa na mwashi. Ndiye aliyeufikisha kwa mfugaji.

Basi mambo matatu yafanyike. Mradi wa mwaka wa mwisho utokane na tatizo lililoletwa na karakana, na mwenye karakana awe na sauti katika kuutathmini. Karakana za vyuo zifunguliwe kwa mafundi jioni na wakati wa likizo, kwa ada wanayoimudu. Kanuni za kupandisha vyeo zitambue tatizo la kiufundi lililotatuliwa na kuthibitishwa na mtumiaji.

Hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Yanahitaji kanuni, na wanaoziandika kanuni hizo wengi wao wamo katika jiji hili hili. Kizota si mbali na ofisi zao.