Chombo na Kikaguliwe Kwanza
Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari halianzi mbio mpaka likaguliwe na kukubaliwa, ingawa hubeba watu wawili tu. Je, chombo kiwachukuacho wafinyanzi wa Ikombe na vyungu vyao kwenda sokoni Matema chastahili uangalizi mdogo kuliko huo? Twasema: hasha!

Lakini cheti peke yake hakiokoi mtu. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa abiria 101. Mwaka 2018 kilizama katika Ziwa Viktoria kikiwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, wakafa watu zaidi ya 200.

Basi TASAC, yenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, na ikague kila chombo cha Ziwa Nyasa. Nasi, ndugu, tukatae kupanda kilichojaa.