Mdundo Hauhesabiwi kwa Vidole

Nimechoka kuambiwa kwamba shairi lisilo na mizani 16 kwa mstari halina mdundo. Jamani, mdundo gani huo unaoishia vidoleni?

Njooni Ufipa mvua zinapoelekea kuisha, mfike kijiji ambacho watu bado wanalima intumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia nyasi. Jembe linakata, linageuza udongo, mzee anavuta pumzi, anasogea. Mapigo hayalingani: penye mizizi jembe linakawia, penye udongo laini linakimbia. Kisha tuta linaachwa nyasi zioze hadi mvua za msimu mwingine, ndipo linasambazwa na kupandwa ulezi. Pigo, kimya cha miezi, pigo tena. Nani atasema mzee huyo analima bila mdundo?

Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Namheshimu, kanifunza mengi. Lakini Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 hakuua mdundo. Aliuhamishia kwenye pumzi ya msemaji. (Na nyie mnaokata insha vipandevipande mkaiita shairi huru, msicheke. Nawaona.)

Nikiwa sekondari hapa Sumbawanga niliandika shairi kuhusu bibi yangu akitwanga mahindi. Mwalimu akahesabu mizani, akachora mstari mwekundu toka juu hadi chini. Hakulisoma kwa sauti hata mara moja. Angelisoma, angeusikia mchi. Sikuandika tena kwa miaka sita.