Tupime Safari kwa Saa, Si kwa Kilometa

Tangu Bunge lilipoamua, mwezi Januari 2019, kwamba Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa wa Burundi na Bujumbura ibaki kuwa mji mkuu wa kiuchumi, wananchi wengi wamekuwa wakijiuliza swali moja: je, tuhamie huko pamoja na jamaa zetu, au tubaki kando ya ziwa na kuwa wasafiri wa kila wiki? Swali hili haliwahusu watumishi wa Serikali peke yao. Linamhusu pia mwalimu, fundi, mfanyabiashara, na kila mtu ambaye kazi yake inamvuta kutoka mji mkubwa kwenda mji mdogo. Tunavyoona sisi, wengi hulijibu kwa kutazama mshahara na kodi ya nyumba tu, na kusahau kitu kimoja ambacho kikishatumika hakirudi, yaani muda.

Hebu tufanye hesabu nyepesi. Mtu anayetumia saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, siku tano kwa wiki, hupoteza njiani saa 10 kila wiki. Katika mwaka wenye wiki 48 za kazi, jumla yake ni saa 480, ambazo ni sawa na siku 60 za kazi zenye saa nane kila moja. Mwenzake anayetumia robo saa kwenda na robo saa kurudi hutumia saa 120 tu. Tofauti yao ni saa 360, yaani siku 45 za kazi. Hakuna mwajiri anayezilipa siku hizo. Hutolewa katika usingizi wa mfanyakazi, katika bustani yake, na katika jioni ambazo angekaa na watoto wake kuwasaidia masomo.

Hapana shaka hiyo ndiyo sababu mji mdogo unatamanisha. Kwa sensa ya mwaka 2008, Gitega ilikuwa na wakazi wapatao 42,000, hali Bujumbura ilikaribia 500,000. Katika mji wa kadiri hiyo mtu anaweza kwenda ofisini kwa miguu na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Tangu mwaka 2021, uhaba wa mafuta ya magari umejirudia mara kwa mara nchini, na wakazi wa Bujumbura wanajua maana ya kusimama kituoni kwa saa nzima wakingoja basi lisilokuja. Anayekaa karibu na kazi yake haogopi sana habari za vituo vya mafuta.

Lakini je, asiyehama anapata hasara gani? Kutoka Bujumbura hadi Gitega ni kilometa zipatazo 100. Katika nchi tambarare umbali huo si kitu. Njia yetu, hata hivyo, huanzia ufukoni mwa Tanganyika, penye kimo cha meta 800 hivi juu ya bahari, ikapanda milima mpaka Bugarama, kupita meta 2,000, kisha ikaendelea kwa kona nyingi kupitia Muramvya. Lori moja likikwama mlimani, magari yote husimama nyuma yake. Tukichukulia mwendo wa wastani wa kilometa 50 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa nne. Mwenye kufanya hivyo kila siku atakuwa njiani saa 20 kwa wiki, yaani nusu ya wiki ya kazi ya saa 40. Hiyo si safari ya kazini tena, bali ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Kwa hiyo wengi huchagua kwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Hapa ndipo hesabu ya saa peke yake inapoweza kutudanganya. Msafiri wa kila wiki hutumia saa nne tu barabarani, pungufu kuliko yule wa Bujumbura anayepoteza saa 10. Kwenye karatasi ameshinda. Lakini analipa kodi mbili, anapika katika majiko mawili, na katika wiki ya siku saba hulala mbali na mkewe na watoto wake siku nne. Mama mwenye kazi ya namna hiyo hupatwa na hali iyo hiyo, na mara nyingi mzigo wake ni mzito zaidi. Kwa hiyo hatuna budi kuhesabu saa za njiani pamoja na siku za kutoonana.

Wala tusidhani kwamba udogo wa mji unatosha kuifanya safari iwe fupi. Majirani zetu wa Tanzania walikata shauri mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na kuanzia mwaka 2016 Serikali yao ikahamia huko kwa nguvu. Wakazi wa jiji hilo, waliokuwa kama 411,000 mwaka 2012, walizidi 765,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Nazo wizara hazikujengwa katikati ya jiji, bali katika Mji wa Serikali wa Mtumba, nje kabisa, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Mtumishi aliyepata kiwanja upande wa pili hulazimika kulivuka jiji zima asubuhi na jioni. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme huunganisha Dar es Salaam na Dodoma kwa muda wa takriban saa nne. Ni msaada mkubwa kwa msafiri wa mara moja moja, lakini haiwezi kugeuka kuwa basi la kwenda kazini kila siku.

Huko Brazil nako kuna fundisho. Brasília ilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, ikiwa imepangwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, mji wa Taguatinga ulianzishwa mwaka 1958, kabla ya uzinduzi wenyewe, ili kuwapokea wafanyakazi ambao hawakuwa na nafasi katika mpango ule. Ceilândia ikafuata mwaka 1971, zaidi ya kilometa 20 kutoka katikati. Wenye vyeo wakakaa karibu na ofisi, na wanaozifagia wakakaa mbali. Tusiruhusu jambo hilo litokee kwetu.

Mtaalamu wa Kiitalia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994, akifuata utafiti wa Yacov Zahavi, kwamba tangu zamani binadamu kwa wastani hutumia kama saa moja kwa siku katika safari zake za kawaida. Akipewa chombo cha kasi, haokoi muda, bali huhamia mbali zaidi. Ndiyo kusema barabara nzuri peke yake haitatuokoa iwapo nyumba zitaendelea kujengwa mbali na kazi.

Tunawashauri basi wanaofikiria kuhama wafanye mambo matatu kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba. Kwanza, waipime safari yenyewe saa ile ile watakayokwenda kazini, kwa chombo kile kile watakachotumia, na ikiwezekana wakati wa masika, maana njia ya udongo ya mwezi Julai si ile ya mwezi Aprili. Pili, wahesabu safari za nyumba nzima: mtoto aendaye shule, mama aendaye sokoni, mgonjwa aendaye hospitali. Haifai baba akae dakika kumi kutoka ofisini, na watoto watembee saa nzima. Tatu, wakumbuke kwamba kodi nafuu ya pembezoni hulipwa tena kidogo kidogo kwa nauli.

Kwa wakuu wanaohusika, ombi letu ni kwamba nyumba za wafanyakazi wa daraja zote zijengwe karibu na ofisi, pamoja na shule na zahanati, na kwamba njia za waenda kwa miguu na wapanda baiskeli zitengwe tangu sasa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Gitega ingali mbichi. Mitaa yake inaweza kupangwa bila kubomoa nyumba ya mtu. Baada ya miaka ishirini, kazi hiyo itataka fedha nyingi na machozi mengi.

Yule ambaye mwenzi wake ana kazi Bujumbura, au mzazi wake ni mgonjwa huko, hatuwezi kumlaumu kwa kutohama. Tunamwomba tu aamue kwa hesabu kamili, huku akijua ni siku ngapi za maisha yake atakazoziacha barabarani.